Mkono wa Kushoto wa Kibla

Ukitaka kumwona Mwanaharusi akinuna, mwulize kwa nini anaishi ndani ya gari. Atakujibu kwamba yeye anaishi nyumbani kwake, ila nyumba yake ina matairi. Na kweli ilikuwa nyumba. Ile Kosta kuukuu, basi dogo la abiria, yeye na mumewe waliing'oa viti vyote. Nyuma wakaweka kitanda, katikati jiko la gesi na kabati la vyombo, mbele wakapanga majora ya vitenge na kanga, na juu ya paa wakafunga sola. Asmaa, mtoto wao wa pekee, alipokwenda Dar es Salaam kusoma, wakarudisha funguo za nyumba ya kupanga pale Biharamulo mjini na kuhamia humo moja kwa moja. Tangu hapo maisha yakawa ni minada mitupu: Jumatano Kanazi, Alhamisi Mbuba, Ijumaa wanarudi mjini kuswali, Jumamosi Nyantakara.

Mumewe, Hatibu, alikuwa kiziwi tangu utotoni. Minadani walimwita "yule bubu wa vitenge", jina ambalo Mwanaharusi hakulipenda hata kidogo, kwa sababu Hatibu alikuwa na maneno mengi kuliko yeye, tena mengine ya uchokozi mtupu. Alikuwa akiyasema kwa mikono, basi. Wateja wanamnyooshea vidole vya bei, naye anawanyooshea vyake, kitambaa kinakatwa, biashara imekwisha. Miaka minne pale Nyantakara hakuna aliyewahi kumwuliza ameamkaje.

Sasa Jumatatu moja ukaingia ujumbe kwenye simu ya Hatibu. Asmaa ameandika: Baba, Mama, Jumamosi hii saa saba mchana tazameni taarifa ya habari. Mimi ndiye mkalimani wa lugha ya alama. Nitakuwa pembeni, chini, upande wa kulia.

Hatibu aliusoma mara tatu. Akampa mkewe simu, akaketi kwenye ngazi ya gari na kuyatazama magoti yake. Mwanaharusi alilia waziwazi, wala hakuona haya. Mtoto yule aliomba maziwa kwa vidole kabla hajajua kusema "mama". Baba yake ndiye aliyemfundisha, naye alikuwa amefundishwa katika shule ya viziwi mbali na kwao. Sasa mikono ile ile itazungumza na nchi nzima, na wao Jumamosi saa saba watakuwa wapi? Nyantakara, kwenye uwanja wa mnada, ambako simu ukitaka ishike mtandao sharti upande kichuguu. Redio wangeweza kupata popote, lakini redio ingemfaa nini Hatibu? Kibanda cha kuonyeshea mpira kilikuwepo, ila Jumamosi huwaambii vijana wa kibanda cha mpira wakuwekee taarifa ya habari ukatoka salama.

"Tununue dishi," Hatibu alisema kwa mikono. "Kubwa kuliko yote. Tulifunge juu ya paa, watu walione."

"Walione ili iwe nini?" Mwanaharusi akamjibu. "Twende kwa fundi kwanza."

Fundi Anastazi alikuwa na duka karibu na stendi, kijana mpole mwenye subira ya kuuza na kubakiza. "Shikamoo mama. Shikamoo baba," alisema, na ile ya pili akaisindikiza kwa kuinamisha kichwa, jambo ambalo Mwanaharusi alilihifadhi moyoni.

Aliwatolea madishi matatu. Hatibu akaenda moja kwa moja kwenye lile kubwa, upana wake kama sinia la pilau ya harusi, akaligonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti.

"Hilo ni zuri kwa mvua, picha haikatikatiki," Anastazi alisema, na Mwanaharusi akatafsiri. "Lakini ni la nyumba isiyosogea. Upepo mmoja tu, limegeuka. Hili dogo mnabeba kwapani, ila wingu likipita mnabaki na kioo cheusi. Chukueni hili la katikati."

"Na paa?" Hatibu aliuliza.

"Paa hapana, baba. Ukilifunga kwenye paa, kila mahali itabidi uegeshe gari kwa matakwa ya dishi."

Mwanaharusi alipigilia msumari hapo hapo. Muuza vitenge huegesha gari kwa kufuata kivuli, jua lisije likachujua rangi; hata siku moja hajaegesha kwa kufuata televisheni. Hatibu alilitazama lile kubwa kwa huruma, kisha akakubali. Wakachukua la katikati, pamoja na king'amuzi na stendi ya miguu mitatu inayokaa chini.

Kazi ikawa kufundishwa kulielekeza. Anastazi alilifunga kwenye stendi, akalilaza mpaka uso ukaangalia juu sana, karibu kama bakuli la kukinga mvua, akakaza nati na kuchora mstari wa rangi nyekundu pale. "Mwinuko ni huu, msiuguse. Kitakachobaki ni kulizungusha kushoto au kulia. Polepole, upana wa kidole, halafu subirini, maana picha inachelewa kuja. Kwenye televisheni kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu inadanganya. Tazameni ubora."

"Tutajuaje pa kuanzia?" Mwanaharusi aliuliza. "Kila siku tuko kijiji kingine."

Anastazi alifikiri kidogo. "Nyie mnaswali. Kila mnapofika si lazima mjue kibla? Basi simameni kama mnaswali. Dishi liangalie mkono wenu wa kushoto. Hamtakosea sana."

Hatibu alipotafsiriwa hayo alicheka mpaka akaegemea kaunta. Mkristo kamfundisha kibla!

Televisheni waliipata Kanazi, ya mtumba. Hatibu aliichagua mwenyewe, akaijaribu mwenyewe, akaridhika. Kesho yake Mbuba wakatoa dishi, wakasimama kama wanaswali, wakaligeuzia kushoto, na baada ya dakika kumi tu ubora ukapanda na mtu akatokea kwenye kioo akichambua mchicha. Mwanaharusi akaongeza sauti. Akaongeza tena. Kimya. Ile televisheni haikuwa na sauti hata chembe. Muuzaji alikuwa amemwuzia mtu asiyeweza kugundua.

"Nini?" Hatibu aliuliza.

"Bubu," Mwanaharusi akamwambia, huku akifuta machozi ya kicheko. "Umenunua bubu mwenzio."

"Basi tutaelewana naye," Hatibu akasema.

Jumamosi saa nne waliegesha Nyantakara mahali pao pa siku zote, pale pale mnadani, kwenye uwanja wa nyumba ya mama mmoja mkulima, Leonsia, ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani na yeye akazaliwa hapo hapo. Pembeni mwa uwanja palikuwa na mstari wa mawe ambao Hatibu aliupanga siku yao ya kwanza, kuonyesha kibla. Adhuhuri huswali hapo, wanauza kidogo tena, na kabla ya alasiri huwa wamekwisha funga na kuondoka. Hatibu akaweka stendi nyuma ya mawe, akaligeuzia dishi kushoto. Mwanaharusi akakaa dirishani, kioo mbele yake. Mkono wazi maana yake endelea. Ngumi maana yake simama.

Mkono ulibaki wazi. Saa tano ikapita, saa sita ikaingia. Nguvu ilipanda na kushuka, ubora ukalala palepale kwenye sifuri. Wateja wakaacha vitenge wakaja kutoa ushauri, maana Mungu hajaumba Mtanzania asiyejua kuelekeza dishi la mwenzake.

"Rudisha!" mmoja alipiga kelele.

"Inua! Inua!" mwingine akasema.

Hatibu, bahati yake, hakusikia hata mmoja. Alikagua waya, akakagua nati, mstari mwekundu ulikuwa mahali pake. Saa sita na nusu alimtazama mkewe dirishani, na Mwanaharusi akaona jasho na akaona zaidi ya jasho. Hatibu alikuwa na hofu. Mwanaharusi akashuka garini. Miaka yote ya shule walikosa mahafali ya yule mtoto kwa sababu ya minada, na hili nalo walikose wakiwa na dishi mkononi?

"Mama Asmaa, mnatafuta nini huko?" Leonsia aliuliza, beseni la maharage kichwani.

"Upande wetu wa kushoto tukiswali. Kule Mbuba ni karibu na jua linapotua."

Leonsia aligeuka taratibu, kwa ajili ya beseni. "Ego, ndiyo, lakini jua halitui huko. Hapa kwangu linatua kule, nyuma ya mikalitusi ya jirani yangu Nyandwi."

Mwanaharusi aliitazama mikalitusi. Akayatazama mawe. Siku ile ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha, jua halikuonekana, na Hatibu alikadiria kibla kwa kufuata barabara. Na barabara, baada ya daraja, inapinda. Na tangu hapo hufika jua limekwisha panda, huswali likiwa utosini, huondoka kabla halijashuka. Nani angegundua?

Alimwita mumewe, akamweleza kwa mikono: barabara, kona, mvua, mikalitusi. Uso wa Hatibu ulibadilika mara tatu.

"Miaka minne," alisema, "tulikuwa tunaelekea wapi?"

"Mwanza," Mwanaharusi akasema.

Hatibu akashika kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Mwanaharusi naye akashindwa kujizuia. Walicheka pale mbele ya mnada mzima bila kumweleza mtu. "Mungu alituona tumekosea kwa nia njema," Hatibu alisema mwishowe. "Kamata dirisha lako."

Dishi likageuzwa kuelekea mikalitusi. Upana wa kidole, subiri. Upana wa kidole, subiri. Mkono wa Mwanaharusi ulikuwa wazi, halafu ukawa ngumi.

Zilibaki dakika nne.

Saa saba kamili mtangazaji alitokea, na chini, upande wa kulia, ndani ya kiduara kidogo, Asmaa. Hijabu ya bluu, uso umetulia, mikono tayari. Hatibu alipiga magoti sakafuni mwa gari, karibu kabisa na kioo. Mlangoni na madirishani watu walijazana.

"Sauti!" walidai. "Mbona haina sauti?"

"Haina," Mwanaharusi alisema. "Imekufa."

Manung'uniko yakaanza. Hatibu hakuyajua, macho yalikuwa kwa mwanawe na mikono yake ilianza kujiendea yenyewe, akimwambia mkewe anachokiona, kama alivyozoea kumwambia mambo yote. Mwanaharusi, bila kupanga, akaanza kuyasema kwa sauti. "Wanasema mvua zitawahi mwaka huu... Barabara moja imekatika huko kusini, wasafiri wamelala njiani... Kahawa, mnadani, bei imepanda."

Manung'uniko yakakatika. "Imepanda mpaka ngapi?" mzee mmoja aliuliza kutoka dirishani. "Mama, hebu mwulize baba. Tafadhali."

Mwanaharusi alimgusa bega, akauliza. Hatibu akageuka, akawaona wote wale, wanamtazama yeye, wanasubiri. Akanyoosha vidole vya bei. Vile vidole walivijua, hawakuhitaji mkalimani. Uwanja ukalipuka kwa furaha, naye akarudi haraka kwenye kioo asikose neno.

Ilipokwisha, Asmaa alishusha mikono na kiduara kikafutika. Mzee wa kahawa alimpa Hatibu mkono, kisha mtu wa pili, na wa tatu. Leonsia alimletea ndizi za kuchoma, akamwekea mwenyewe kwenye kiganja.

Walipobaki wawili, Hatibu aliuliza swali ambalo alikuwa hajawahi kuuliza tangu mtoto azaliwe.

"Sauti yake ikoje?"

Kwa miaka ishirini na minne Mwanaharusi alikuwa amemsikia Asmaa kwa niaba ya wawili, na mara nyingi furaha hiyo ilimwuma. Leo hakusikia kitu.

"Leo sijui," alijibu kwa mikono. "Leo nimemsikia kama wewe."

Hatibu akavua viatu, akatoka nje, akainama kwenye ule mstari wa mawe na kuanza kuyahamisha moja moja. Mwanaharusi akachukua maji ya udhu na kumfuata.