Risiti Zisizofika Hamsini

Kazi ya Jepleting katika ofisi za supamaketi moja mjini Nakuru ilikuwa kupekua risiti. Kompyuta ilimsaidia kutafuta bidhaa zinazoandamana kikapuni: anayenunua unga na mafuta mara nyingi huchukua pia chumvi, basi chumvi iwekwe karibu. Hakuna uchawi hapo. Unahesabu risiti zenye vitu vyote vitatu, halafu unauliza: kati ya waliochukua viwili vya kwanza, wangapi walichukua na cha tatu?

"Chochote kisichofika risiti hamsini, tupa," bosi wake, Ngigi, alikuwa amemwambia. "Hiyo inatupotezea time tu."

Alhamisi hiyo wenzake walienda kula bila kumwita, kama kawaida yao, naye akashusha kiwango hadi kumi. Alitaka tu kuwaona hao wanaotupwa. Mtu aliyekaa Nakuru miaka mitatu bila mgeni hata mmoja kubisha mlangoni kwake huwaonea huruma wa aina hiyo.

Kanuni moja, yaani kundi la bidhaa zinazoandamana, ilitoka tawi la Mau Narok: unga wa wimbi, betri za redio, kisha juisi ya mapera. Risiti kumi na nne zilikuwa na unga na betri. Kumi na moja kati yake zilikuwa na juisi pia. Zote za Ijumaa, zote za kadi moja ya pointi. Akafungua namba ya kadi. Ilikuwa yake mwenyewe, ile aliyomwachia baba yake.

Mzee Kipkirui ana kisukari, juisi haonji. Mama alizikwa mwaka jana. Mpenzi wa juisi ya mapera katika nyumba ile ni mmoja tu, na huyo mmoja alipiga simu kila Alhamisi akasema, "Baba, Jumamosi nakuja." Jumamosi ikifika alizua kisingizio, maana nyumba isiyo na mama ilimtisha. Wiki kumi na nne sasa. Aibu ilimshika hadi masikio yakapata moto.

Halafu akaona kilichomuuma zaidi. Zile risiti tatu zisizo na juisi hazikutawanyika huku na huku. Zilikuwa tatu za mwisho.

Akapiga simu pale pale. "Baba, Jumamosi hii nakuja. Ukweli kabisa."

"Sawa, mama," mzee akajibu kwa upole, redio ikiongea nyuma yake. "Kazi kwanza. Ukipata nafasi."

Kesho yake hakufanya la maana. Saa tisa na dakika kumi risiti ya Mau Narok iliingia. Unga wa wimbi. Betri mbili. Akangoja, kana kwamba risiti iliyokwisha kutoka huongezwa kitu. Hakukuwa na zaidi.

Mzee hakumwamini, na kwa hesabu yoyote aliyoijua Jepleting, mzee alikuwa sahihi. Alilia kidogo, peke yake, kisha akachukua mkoba na kumwambia Ngigi kwamba anaenda nyumbani leo, si kesho.