Asante ya Ngazini

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba. Asubuhi hiyo jalidi ya kwanza ilikuwa imeshuka juu ya nyasi, nyeupe kama chumvi, na hapakuwa na upepo hata kidogo. Penye njia panda, miguuni pa sanamu ya Mama Maria, maua ya shanga yalikuwa yameungua kwa baridi. Majani yake mapana, ambayo jana yalisimama kama ya mgomba, sasa yalining'inia meusi.

Bi Genowefa alikuwa amekwisha kufika na uma wake wa bustani.

Maua yale aliachiwa na mama yake. Yanaitwa hivyo kwa kuwa mbegu zake ni nyeusi na ngumu, na zamani watu walizitungia rozari. Marehemu, kabla ya kukata roho, aliomba jambo moja tu: Agosti, siku ya Kupalizwa Mbinguni, Mama Maria asikose maua mekundu miguuni. Kwa hiyo kila vuli Genowefa aliyachimbua ili barafu isiyaue ardhini, na kila Mei akayarudisha. Hakuwahi kumpa mtu hata kipande. Matunguu, yale mashina manene ya chini, yakizidi, aliyakatakata kwa sepetu na kuyatupa kwenye lundo la mboji.

Mwaka ule alikuwa na shida. Katika jengo letu la ghorofa kila mtu ana stoo yake chini ya ardhi, chumba kidogo cha mbao zilizoachana. Mafundi walikuwa wamepitisha mabomba mapya ya joto kwenye stoo ya Genowefa, na humo hata viazi vilianza kuota. Stoo iliyobaki baridi ilikuwa ya Bi Leokadia, jirani yake wa chini, mjane kama yeye.

Genowefa alirudi nyumbani, akayasugua matunguu kwa brashi mpaka yakang'aa, maana yeye alisugua kila kitu, akayafunga kwenye mfuko wa nailoni na kuyaweka kwenye sanduku. Akashuka nalo.

"Yatunze, mwenzangu," alisema. "Unajua ni ya nani."

Leokadia alilipokea kwa mikono miwili. "Asante," akasema.

Genowefa alisimama palepale ngazini.

Watu wa kwetu hawashukuru kwa mmea. Ukipewa mche ukasema asante, mche huo unakufa; hata watoto wanajua. Na zaidi ya hayo, asante ya nini? Anayepewa ndiye anayeshukuru. Leokadia hakupewa kitu. Aliwekeshwa tu.

"Umesema nini, Bi Leokadia?"

"Nimesema ngazi hii giza, angalia usianguke."

Kuanzia siku hiyo Genowefa hakuwa na amani. Alishuka stooni kuchukua chupa ya jemu ambayo hakuihitaji, akachungulia kwenye mwanya wa mbao za Leokadia. Sanduku lilikuwepo, limefunikwa koti kuukuu. Juma lililofuata alilikuta limesogezwa nyuma ya pipa la kabichi iliyochachushwa. Baadaye akakuta mlango una kufuli jipya.

"Kufuli la nini?" alimuuliza Bwana Zenon, mtunza jengo, aliyekuwa akipita na ndoo.

"La kuzuia wanaochungulia," Zenon alijibu. "Mama, hiyo jemu yako utaimaliza kabla ya Krismasi."

Usiku kabla ya kulala alisali rozari, na kila aliposema "utusamehe makosa yetu" alikumbuka kufuli. Alianza upya. Likarudi kufuli.

Siku ya Mtakatifu Nikolasi, mwanzoni mwa Desemba, alivumilia akashindwa. "Bi Leokadia, nifungulie nione wagonjwa wangu."

"Wamelala. Ukiwaamsha saa hizi wataoza."

"Mimi ndiye mama yao!"

"Mama gani anamwamsha mtoto kumuuliza kama amelala?"

Mwezi wa Februari harufu ilianza kupanda kutoka kule chini. Leokadia alisema ni kabichi. Genowefa alikuwa amekula kabichi ya pipa miaka yote ya maisha yake, naye alijua harufu yake.

Mwezi Machi, katikati ya Kwaresima, ulifika wakati wa kuyaweka kwenye vyungu yachipue kabla ya Mei. Walishuka pamoja bila kusemezana. Leokadia alifungua kufuli, akavuta sanduku, na Genowefa akafungua ule mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na uji wa kahawia. Alitia mkono, akatafuta tunguu gumu hata moja, hata jicho moja la kuchipua. Mkono ulitoka mtupu, unanuka.

"Yaliingia yakiwa yameloa," Leokadia alisema polepole. "Uliyaosha. Udongo wake ndio blanketi lake, na nailoni haipumui."

"Uliyashukuru! Nilikusikia kwa masikio yangu. Umeyaua kwa asante yako!"

Leokadia alitazama pembeni, na kule kutazama pembeni Genowefa alikuweka moyoni.

Kanisani akahamia upande wa pili. Alipiga magoti akamwomba marehemu mama yake radhi, kwa kuwa Agosti ilikuwa inakuja na hakuwa na cha kupanda. Sokoni waliuza maua ya shanga ya manjano. Hakutaka kuyatazama.

Baada ya Pasaka alikuwa akipita uani, akainua macho kwenye dirisha la Leokadia. Nyuma ya pazia, ndani ya ndoo ya mtindi, lilisimama jani moja limejisokota, lenye rangi ya damu iliyokauka. Mtu mwingine angesema ni jani tu. Genowefa alilijua jani lile kama anavyojua sauti ya mlango wake.

"Mwizi," alimwambia Zenon.

"Nani?"

"Utamwona. Mbele ya watu wote utamwona."

Tarehe 15 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Zofia, baridi ya mwisho ikiwa imepita, tulikusanyika penye njia panda kuimba litania ya jioni. Jua lilikuwa bado halijazama. Tulipomaliza, Genowefa alisogea mbele na kufungua kinywa, lakini Leokadia alimtangulia. Alikuwa amebeba ile ndoo, na majani sasa yalimfika kidevuni.

"Niliiba," alisema. "Siku ileile, kabla sijalifunika sanduku. Nilifungua mfuko, nikavunja tunguu moja lenye macho mawili, nikalificha jikoni kwenye unga wa mbao. Mmea wa wizi unashika mizizi vizuri, nyote mnajua. Ile asante ilinitoka kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshalivunja."

"Nilijua!" Genowefa alisema. "Tangu ngazini nilijua! Kwa nini hukuniomba?"

"Ningeomba, ungenipa?"

Genowefa aliitazama sanamu, kisha mikono yake mwenyewe, ile iliyokuwa ikishika sepetu juu ya mboji.

"Nisingekupa," alisema.

"Basi tumshukuru mwizi," Zenon akadakia, "maana bila yeye..."

"Nyamaza!" wanawake wote walimkemea kwa pamoja. "Usilitaje neno hilo karibu na ua!"

Genowefa alipiga magoti, akachimba shimo kwa mikono, akalipanda tunguu pamoja na udongo wake wote. Alipoinuka midomo yake ilicheza, na sote tuliona neno alilokuwa akilimeza. Akageukia watu.

"Sikilizeni, na Mama Maria asikie. Naahidi mbele yenu: vuli ijayo nitaligawa hapahapa, nusu ni ya Leokadia, na anayetaka kipande aje na ndoo yake, asishukuru. Sitaliosha. Litalala kwenye stoo ya Leokadia." Akanyoosha kiganja kuelekea kwa jirani yake. "Na ufunguo wa pili wa kufuli lile nitakaa nao mimi."