Kikombe cha Wakwe

Ndugu yangu Lodio alikuwa na siku arobaini na moja bila kunywa chang'aa wakati wakwe walipokuja kwetu Kiwanjani kumposea kijana wao binti yangu Lorna. Alizihesabu mwenyewe kwa mkaa kwenye ukuta wa choo changu, na mimi niliziona kila asubuhi, nitake nisitake.

Mimi nauza mbuzi sokoni. Shule niliacha darasa la tano, na ugonjwa ninaoujua ni ule unaomlaza mtu bila kumuuliza. Lakini kila Jumanne nilimpeleka Lodio kliniki, na dada anayewatibu walevi pale, Faiza, alisema ulevi ni ugonjwa kama presha.

"Presha hainunuliwi kwa kikombe," nikamwambia.

"Baba yenu alikufa na nini, mzee?"

Baba alikufa kwa pombe, ndani ya mtaro nyuma ya soko.

Lodio alilishika lile neno "ugonjwa" kama mtu aliyengoja kitambulisho miaka ishirini. Kila aliyemkaribisha kinywaji alijibiwa, "Mimi ni mgonjwa, niko kwa dawa." Alisema hata sokoni, mbele ya wafanyabiashara wa mifugo, na habari ikafika Oldonyiro, nyumbani kwa wakwe.

Lorna ana miaka thelathini na moja. Wakwe wa kwanza walimkuta Lodio amelala langoni, suruali imelowa, na hawakurudi. Hawa walikuwa wa pili.

Walikuja wazee wanne. Lodio alichinja mbuzi, akachoma nyama mwenyewe, shati lake limepigwa pasi. Tulipomaliza kula, Nangiro, baba mkubwa wa yule kijana, akafuta kisu chake.

"Baba Lorna, kabla hatujaongea ng'ombe, kuna lile swali la zamani. Kwa damu yenu kuna ugonjwa? Kifafa, wazimu, kitu cha kurithi?"

"Hakuna."

"Tumesikia ndugu yako anatibiwa. Yeye mwenyewe ndiye anasema."

Lodio alikuwa karibu na moto, hatua sita kutoka kwetu. Jikoni vyombo viliacha kulia.

"Huo si ugonjwa," nikasema. "Ni tabia. Alipenda kunywa, sasa amependa kuacha. Ni hayo tu."

Nangiro akamgeukia. "Lodio, ni hivyo?"

Lodio aliangalia mlango wa jikoni, pale Lorna alipokuwa amesimama.

"Ni hivyo, mzee. Nilikuwa napenda tu. Ujinga."

"Hata mimi nina huo ujinga," mzee mwingine akasema, "na mama watoto ametafuta dawa yake mpaka amechoka."

Wakacheka. Nami nikacheka. Mabega yangu yalishuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kisha wakaleta jerikeni yao ya busaa, pombe ya nafaka. Kwa ukoo wao, wakikubaliwa, kikombe kimoja kinapita kwa baba wa msichana na ndugu zake. Nikaonja. Nangiro akakijaza tena, akamnyooshea Lodio.

"Huyo ameacha," nikasema.

"Ameacha kwa kupenda, umetuambia. Basi apende kuonja kidogo kwa ajili ya mtoto wa ndugu yake. Ama ni mgonjwa?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, na mkono wake ulikuwa bado umenyooka.

Lodio akaniangalia. Alikuwa anangoja neno moja kutoka kwangu, na nililijua. Nikamwona Lorna mlangoni ameshika sufuria tupu. Nikaangalia viatu vyangu.

Akaonja. Kisha akakimaliza. Alirudisha kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, akaenda kumwagia moto maji. Tulipoinuka kusali, hakuwako.

Jumanne nilienda kliniki peke yangu, nikakaa kwenye benchi mpaka Faiza akaniita.

"Lodio yuko wapi?"

"Anakunywa. Siku ya nne leo."

Nikamweleza yote, hata viatu. Nilimwambia kwamba miaka yote nimekuwa nikimtukana yule mtu eti hawezi kukataa kikombe. Siku ile ya wakwe mimi, ambaye sina ugonjwa wowote, nilishindwa kukikataa kwa niaba yake. Faiza aliandika kitu kwenye kadi ya Lodio, kisha akanipa mimi ile kadi.

"Mlete," akasema. "Hata akiwa amelewa, wewe mlete."

Nimemtafuta mara mbili nyuma ya soko. Mara ya kwanza alikimbia. Mara ya pili hakunijua.

Nangiro amepiga simu. Ng'ombe wanakuja Jumamosi. Lorna hajaniuliza baba yake mdogo yuko wapi. Jana aliosha choo chote, sakafu mpaka mlango, lakini ule ukuta wenye mkaa hakuugusa.