Paa la Upande wa Ua

Mlango wa chumba cha Eilif ulikuwa umekwama tena. Jorunn Bakkejord alitua sinia la kifungua kinywa sakafuni, akaweka bega, akasukuma. Mlango ukalia, ukagoma, kisha ukaachia ghafla, naye akaingia chumbani kwa kupepesuka.

"Karibu," alisema kaka yake kutoka kitandani. "Wenzako hubisha hodi."

"Ni unyevu tu. Mbao zimevimba."

"Mbao ni kavu, dada. Kilichovimba ni kile pale." Akainua fimbo yake akaielekeza darini.

Jorunn hakutaka kutazama, akatazama. Dari ya mbao nyeupe, iliyokuwa imenyooka tangu wakiwa watoto, ilikuwa imeshuka katikati kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na tumbo lenyewe lilikuwa juu ya kifua cha Eilif. Kwenye kingo rangi ilikuwa imepasuka. Vipande vyake vilikuwa vimedondoka juu ya mto, na mtu mzima amelala humo akivuta hewa kwa mashine. Juu ya dari kulikuwa na kenchi zilizooza, juu ya kenchi mawe bapa ya paa, na juu ya mawe theluji iliyokuwa ikianguka tangu wiki iliyopita bila kupumzika. Jorunn alipangusa mto kwa kiganja. Akamwekea kaka yake uji.

Eilif alikuwa baharia. Alisafisha matangi ya meli za mafuta ujana wake wote, na matangi nayo yakachukua malipo yao kwenye mapafu. Hakuweza tena kupanda na kushuka ngazi, na bafu na choo vilikuwa huku juu ghorofani, ndiyo maana kitanda kikawa huku juu. Jorunn alilala kwenye kochi sebuleni. Manispaa ilikwisha kuwapa nafasi kwenye makao ya wagonjwa, mwendo wa feri mbili kutoka mjini, mahali ambapo Eilif hakumjua hata mbwa. Alisema huko hatakwenda, na dada yake akamwahidi kwamba hatakwenda. Basi hilo ndilo lililokuwa linapiganiwa katika nyumba ile, kwamba mgonjwa akae kwao, chini ya paa lisilomwangukia. Si kwamba walitaka makuu.

Na kazi ya paa ingekuwa imeshakwisha zamani. Septemba, wakati ardhi bado kavu, jirani yao Roald Nymo, mstaafu aliyeendesha magari ya kuzoa theluji, alipata mabati mazuri yaliyobaki kwenye ujenzi wa banda la boti. Mtaa mzima ukakubali kufanya msaragambo, kama ilivyo desturi ya huku Kaskazini mwa Norwei. Huyu analeta ngazi, huyu misumari, mwenye nyumba anapika kahawa na zile keki bapa za vyumbavyumba, na jioni kazi imekwisha. Jorunn alikwisha kununua jamu. Lakini mtaa ule wa nyumba za mbao ni mtaa uliohifadhiwa, na bila kibali hakuna anayegusa hata kigae. Jorunn, kwa kuwa ni mtu wa sheria, akaenda kuomba kibali.

Aliyekuja kukagua alikuwa Sunniva Hegge wa ofisi ya majengo ya kale. Mwanamke mpole, sweta la kufumwa kwa mkono, sauti ya mtu anayembembeleza paka. Alisimama uani akalitazama paa la nyuma mpaka macho yakamlegea.

"Jorunn, unajua mawe haya yalichongwa lini?"

"Najua yameanza kuvuja lini."

Sunniva akacheka taratibu. "Naelewa kabisa. Lakini mawe haya hayachongwi tena. Ukiweka bati hapa, mtaa mzima umekufa."

"Mtaa hauvujiwi. Anayevujiwa ni kaka yangu."

"Ndiyo maana kuna utaratibu." Akageukia rundo la mabati kando ya uzio. "Na yale, nisingependa kuyaona pale. Watalii wanapiga picha."

Jorunn alitaka kumwuliza habari za nyumba ya kona. Kampuni ya kulaza wageni iliinunua, ikatoboa paa lake, ikaweka kioo kizima ili wageni walale wakitazama ile mianga ya kijani inayocheza angani usiku. Kibali chao hakikuchelewa. Eilif alikuwa na maelezo yake: wao wana mwanasheria, sisi tuna ndoo. Lakini mtu anayeomba hachokozi. 

"Panda juu basi uione dari," Jorunn alisema. "Ukiiona utaandika mengine."

Walikuwa wamefika mlangoni. Sunniva akatazama miguu yake. Alikuwa amevaa buti za kamba, kamba zinapanda na kuzunguka mpaka karibu na goti. Jorunn naye akazitazama. Nyuma yake sakafu ilikuwa inang'aa, maana alikuwa ameipiga deki asubuhi ile ile kwa heshima ya mgeni, na ndara za sufi amezipanga tayari. Katika nyumba za huku haingii mtu na viatu, awe mchungaji, awe polisi. Mgeni hathubutu na mwenyeji hasemi.

"Kamba zote hizi," Sunniva alisema, akitabasamu. "Na nina nyumba nyingine mbili za kupitia. Picha za nje zitatosha."

Neno lilikuwa kwenye ulimi wa Jorunn. Ingia na viatu vyako. Lingemtoka tu, yule mwanamke angepanda, angeinua kichwa, angeona kwa macho yake. Lakini Jorunn alikuwa na miaka sitini na hakuwahi kumwambia mtu neno kama hilo maishani mwake, na lingekuwa kama kumwambia mgeni kwamba hana adabu. Akalimeza.

"Haya," alisema.

"Na tafadhali, mpaka uamuzi utoke, upande huu wa ua asikanyage mtu. Wala koleo lisiguse. Jiwe likivunjika nitalazimika kukuandikia faini, na mimi nisingependa. Kuna mafundi wanaotambuliwa na ofisi, nitawaambia."

Mafundi wanaotambuliwa walisema wana kazi mpaka baada ya mwaka mpya. Roald aliposikia alitema tumbaku yake. "Tupande Jumapili watu wakiwa kanisani. Nani atajua?" Jorunn akamwambia yeye atajua. Roald hakubisha sana, kwa sababu yeye pia, kusema kweli, alikuwa mtu wa namna hiyohiyo. Mabati yakafunikwa turubai. Jua likaaga, kama kila majira ya baridi huku, lisirudi mpaka Januari, na theluji ikaanza.

Sasa, baada ya uji wa Eilif, simu ya Jorunn ikalia. Ulikuwa ujumbe wa amri kutoka ofisi ya barabara: theluji ya paa lake la mbele ni hatari kwa wapita njia, iondolewe mara moja, la sivyo atatozwa. Akapiga namba ileile. Akapokea mwanamume mwenye haraka.

"Nitaondoa," Jorunn alisema. "Na upande wa ua je?"

"Uani kuna mtu anapita?"

"Kuna mtu analala chini yake."

"Nauliza anayepita."

"Hakuna."

"Basi hilo si letu. Ulizia majengo ya kale."

Akaulizia majengo ya kale. Sunniva alipokea kwa sauti yake ileile. "Naelewa kabisa, Jorunn. Naandika hapa kwamba umepiga."

"Dari imeshuka."

"Imeshuka kiasi gani?"

"Ungepanda ungeiona."

 Sunniva akazidisha upole. "Sikiliza. Ukiniambia kwamba nyumba haifai kukaa mtu, nalazimika kuwajulisha watu wa huduma. Watakuja kumchukua Eilif leoleo. Ndivyo unavyotaka niandike?"

Jorunn aliitazama ngazi. Juu mashine ya hewa ilikuwa inanguruma. "Hapana," alisema.

"Basi tuwasubiri mafundi. Na upande wa ua asikanyage mtu, tunaelewana?"

"Tunaelewana."

Msaragambo ulifanyika kesho yake. Walikuja majirani na makoleo na kamba za kujifungia, wakapanda paa la mbele, wakalisafisha likawa safi kama meza. Wakacheka, wakarushiana theluji, mmoja akaimba. Uani hakwenda mtu. Kila mmoja alijua kuna katazo, na kila mmoja alipopita pembeni ya nyumba aliinua macho, akaiona ile theluji iliyorundikana juu ya chumba cha mgonjwa, akayashusha macho. Jorunn aliwapikia keki. Walikula jikoni wakiwa na soksi, buti zao zimepangwa barazani.

Eilif alizisikia habari kutoka kwa dada yake akatikisa kichwa. "Niliwahi kusafiri na meli iliyopakiwa mzigo ubavu mmoja. Nahodha alikuwa anakunywa kahawa shingo imepinda."

"Mlifika?"

"Mimi nilifika. Nilishukia njiani."

Jorunn hakucheka. Dari ilikuwa imeongeza kushuka, na sasa ilikuwa inasema. Kwanza kidogo, kama mtu anayekohoa chumba cha pili, kisha kimya, kisha tena. Alikaa kwenye kiti akamshika kaka yake mkono, jambo ambalo hawakulizoea, na Eilif akauacha mkono wake pale.

"Leo unashuka," Jorunn alisema. "Utalala kwenye kochi. Mimi nitalala jikoni."

"Na choo?"

"Ndoo."

"Mbele ya dirisha la barabarani? Watalii watapiga picha."

"Eilif, naogopa." Alilisema hivyo hivyo, waziwazi.

Mzee akaitazama dari. "Haya," alisema. "Mwite Roald anibebe. Lakini aje bila maneno mengi."

Roald akasema atafika akimaliza kula. Nje theluji ilikuwa imegeuka mvua. Kila mtu wa huko anaijua mvua ile na hakuna anayeipenda, maana haiyeyushi, inaingia tu ndani ya theluji ikakaa, na theluji inakuwa nzito kama saruji mbichi. Jorunn alitandika kochi. Akatoa lile blanketi zuri la sufi, la mama yao, akalikunja miguuni. Akaweka kahawa motoni. Juu Eilif aligonga sakafu kwa fimbo, ile ishara yake kwamba kahawa inachelewa.

"Nakuja, bwana," Jorunn alisema, akichukua kikombe.

Haikuwa kelele kubwa. Ulikuwa mlio mrefu wa mbao, halafu kitu kizito na laini kikatua, na nyumba ikakaa kimya. Vumbi jeupe likashuka ngazini. Jorunn alipanda akapiga mlango kwa bega, akapiga tena, akapiga mpaka bega likafa ganzi. Mlango haukusogea, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa kumejaa. Mashine ya hewa bado ilikuwa inanguruma huko ndani. Aliita jina la kaka yake. Akaita tena, akanyamaza ili asikie, hakusikia kitu.

Roald alikuja na shoka, kisha wakaja watu wa zimamoto. Walichimba. Kijana mmoja wao alimshika Jorunn mabega akamshusha jikoni akamkalisha. Walipompitisha Eilif kwenye machela, alikuwa amefunikwa mablanketi na mifuko ya joto mpaka puani, uso wenyewe ukiwa na rangi ya nta. "Anapumua?" Jorunn aliuliza. "Tunamwahisha," yule kijana akajibu. Ndani ya gari hapakuwa na nafasi yake. Walimwambia hospitali itapiga simu.

Hospitali ilikuwa bado haijapiga palipokucha, ikiwa giza lile linaweza kuitwa kukucha. Jorunn alikuwa amesimama uani na koti la kazi, simu mkononi. Mvua ilikuwa imekata na baridi imebana. Paa la nyuma lilikuwa shimo jeusi, na ndani ya shimo ulionekana ukuta wa chumba cha Eilif, karatasi zake za maua, na saa bado inatembea.

Sunniva Hegge alikuwa amekwisha kufika, na wafanyakazi wawili na taa kubwa. Alimkumbatia Jorunn kwa nguvu. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwamba alikuwa anaigiza.

"Pole sana, Jorunn. Sikulala."

 Wafanyakazi walikuwa wanachambua kifusi kwa mikono, taratibu, wakitoa jiwe moja moja, wakilifuta theluji kwa mkono wa koti, wakilimulika huku na huku. Lililovunjika lilitupwa kando. Zima lilipokelewa na Sunniva mwenyewe, akalipitishia kidole kwenye ukingo.

"Mengi yamepona," alisema. Kisha akatazama yale aliyokwisha kuyapanga juu ya barafu, akasita kidogo, akageuka. "Una blanketi lolote la ziada? Tuyafungie. Yakigusana yanakwaruzana."

Jorunn aliingia ndani. Alisimama sebuleni mbele ya kochi. Simu ilikuwa kimya mkononi mwake. Baadaye alitoka na lile blanketi la sufi, bado limekunjwa, akalitoa kwa mikono miwili kama mtu anayempa mwenzake mtoto.

"Asante, Jorunn," Sunniva alisema. Akapiga magoti, akalitandaza, akayalaza mawe juu yake moja baada ya jingine, na alipomaliza akayafunika, akaingiza ncha za blanketi chini ili baridi isipite.