Rudisha Nyuma, Vua Jezi

Musau alikuwa beki wa timu ya mtaa wa Mashimoni, na kosa lile halikuwa lake. Hilo tuliseme mapema, maana Mashimoni nzima, kuanzia wauza maji mpaka kwaya ya kanisa, ilikuwa imeshamhukumu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Jumapili moja Musau alimrudishia kipa wake, Dalmas, mpira mzuri wa taratibu, uliofika mguuni kabisa. Dalmas akaudaka kwa mikono. Jamani! Sheria mpya ilikuwa imekataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, na Musau alikuwa amemweleza Dalmas mara nne. Refa akapuliza, wapinzani wakapiga frikiki ndani ya boksi, bao. Na aliyetukanwa ni nani? Musau!

Mwenyekiti wa timu, mzee Khamala, akatoa amri: beki akipata mpira aufyatue mbele, basi. Musau akithubutu kurudisha nyuma tena, hata mara moja, avue jezi aende akagonge majiko yake. Kazi yake ilikuwa hiyo, kuunda majiko ya makaa, na tangu atoke Kitui jezi ile ndiyo kitu pekee alichowahi kupewa Nairobi kwa kuchaguliwa. Moyoni alikuwa anachemka.

Jumapili iliyofuata walikuwa wageni wa Gatina, kule Kawangware, na walihitaji sare tu ili wasishuke daraja. Sasa sikia ujinga wenyewe. Uwanja wa Gatina ulikuwa mteremko, na desturi ya pale ilijulikana: Gatina wakiongoza, mpira ukitoka nje hauonekani. Mashabiki wao wanaukalia, wanaufunika kwa gunia la sukuma wiki, halafu wanakusaidia kuutafuta. Na Gatina walifunga mapema. Kila Musau alipofyatua mbele alivyoamriwa, mpira ulipita juu ya vichwa vya wote ukaenda moja kwa moja kwa wezi hao. Nusu ya mchezo ikaishia kwenye kutafuta mpira, na Khamala kando ya uwanja anapiga makofi, anasema hivyo hivyo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mzee huyu macho yake yalikuwa ya urembo tu.

Zikiwa zimebaki dakika ishirini, Musau akachoka kuwa mtiifu. Alipata mpira, akasikia wakimpigia kelele autoe, akamrudishia Dalmas. Dalmas akainua mikono, akakumbuka, akaishusha upesi, akaugusa kwa mguu. Akampa beki mwenzao Mbuvi kule pembeni, Mbuvi akampa Musau, Musau akamrudishia Dalmas tena. Khamala alimwita msaliti. Musau hakuharakisha. Washambuliaji wa Gatina, waliokuwa wamesimama mchana kutwa, wakaanza kuukimbiza mpira huku na huku, wakaacha uwazi mgongoni mwao, na Musau akapenyeza pasi pale pale mpaka kwa Timothy, mshambuliaji wa Mashimoni. Timothy akafunga. Ikabaki moja moja hadi kipenga cha mwisho.

Musau alivua jezi na kwenda nayo kifua wazi hadi kwa mwenyekiti. Alimkuta akiwaeleza watu wa Gatina kwamba hiyo ndiyo mbinu aliyoipanga tangu asubuhi.

"Mzee, jezi hii hapa," Musau akasema. "Nimerudisha nyuma zaidi ya mara moja."

"Vaa nguo, kijana. Nani alikuambia uvue? Watu watafikiri nimekufukuza. Na wiki ijayo, rudisha hivyo hivyo."

"Basi waambie mashabiki wetu hawa wote kwamba lile bao la juzi halikuwa kosa langu."

Khamala akacheka, akampigapiga begani, akaenda kutafuta soda. Mashabiki wakamfuata wakiimba jina la Timothy. Musau akaivaa jezi, bado imelowa jasho, akiwa na hasira kuliko siku ile waliyofungwa.