Ng'ombe Mwekundu wa Mzee Bura

Binti yangu Paskalina anasoma shahada ya pili: masomo ya Afrika pamoja na uchumi. Mimi nilitaka asome uhasibu, na nilimwambia. Amerudi kijijini kwetu Nambis kufanya utafiti juu ya desturi yetu ya kuwekeana ng'ombe. Unampa jirani ng'ombe akutunzie. Yeye anapata maziwa na samadi, wewe unabaki na ng'ombe na ndama. Profesa wake amesema wenyeji wasipomweleza, atafute mada nyingine. Na kila boma alilofika jibu ni moja: "Wote ni wangu."

"Twende wote," nikamwambia.

Tulimkuta jirani yetu Mzee Bura akikamua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, msomi. Shule haiishi tu? Wenzako wanaoza watoto!"

"Namalizia, babu. Huyu mwekundu ni wa nani?"

"Wangu."

Alisema hivyo akinitazama mimi, bila kupepesa. Ng'ombe yule ni wangu. Nilimweka pale baba yake Paskalina alipofariki, shemeji zangu wasimwone wakamchukua. Hata Paskalina sikumwambia.

Akaandika kwenye simu: wake. Machozi yakamlengalenga.

Bura hakuwa na ubaya. Mtunzaji hamtaji mwenye ng'ombe. Akimtaja, nani atamwekea mwingine? Angenyamaza mpaka kaburini. Wa kusema nilikuwa mimi, na nikisema, shemeji yangu Gidamis atasikia kabla ya jioni.

"Mzee Bura, huyo ni wangu. Mweleze mtoto."

Alicheka, nusura amwage maziwa. "Mama Paskalina! Na Gidamis je?"

"Aje. Mbuzi wa marehemu aliwala, ng'ombe hatamla."

"Mama, kumbe tuna ng'ombe?" Paskalina aliuliza.

"Ulidhani umesomeshwa na mshahara wangu?"

Akafuta alichoandika. "Nimekuwa nikiwauliza watunzaji. Kumbe nianze na wenye mali, wawape ruhusa."

"Basi anza na mimi," alisema Bura, akisogeza kigoda. "Nina wangu niliowaweka kule Dongobesh. Lakini mke wangu asijue."

"Jina lako sitaandika, babu."

"Hapo sasa umesoma! Kaa."

Akaanza tangu kwa babu yake, mikono ikipaa hewani. Ng'ombe akageuka kututazama. Nikachukua ndoo, nikamalizia kukamua mwenyewe. Wale wawili hawakuwa na habari na mimi tena.