Chonge za Priscila

Kila mtu pale Mugoma alikuwa na dawa ya meno ya Priscila, isipokuwa Priscila mwenyewe, na yeye hakuna aliyemwuliza.

Meno yenyewe yalikuwa hivi. Yale mawili ya mbele, ya juu, yalilala kushoto, moja limepanda juu ya jingine. Ya chini yalisimama mbalimbali, kila moja limeshika njia yake. Akiuma hindi la kuchoma, gunzi lilibaki na mistari ya punje zilizomshinda. Wavulana wa darasa la saba wakamwita Reki, na jina likanata, maana jina baya halihitaji gundi. Tangu hapo alijifunza kucheka akiwa amefumba mdomo. Kwenye kwaya ya parokia, ambako sauti yake ilitakiwa mbele, alijibanza nyuma ya akina mama wenye miili yao na kuimba akiwa ameinamisha kichwa.

Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Jirani yao Desderius alisema yang'olewe yale mawili ya mbele ili mengine yapate nafasi, kana kwamba mdomo ni shamba la migomba. Mwalimu wake alisema yaachwe, yatajipanga yenyewe akikua. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano na meno yalikuwa bado hayajapata taarifa hiyo. Baba yake, aliyekuwa amekwenda kulima Nyarubungo, huko Biharamulo, alituma salamu kwamba mwanamke ni tabia, si meno. Rahisi kusema kama unayo yote, na yamenyooka.

Bibi Eustakia, mama yake baba, hakusema kitu. Alitenda. Kila alfajiri, kabla mtu hajamsalimu mtu, alimkalisha Priscila mlangoni, akaweka dole gumba juu ya yale meno ya mbele na kuyasukuma kulia. Alisukuma huku akinong'ona sala, mpaka machozi yakamtoka mjukuu. Miaka miwili alisukuma na meno hayakusogea hata unene wa ukucha. Lakini Priscila hakuthubutu kumwambia aache, kwa sababu Bibi ndiye mtu pekee aliyehangaika naye kila siku ya Mungu.

Ndipo zikaja habari za daktari wa meno kambini.

Wenyeji walikuwa na mengi ya kusema kuhusu kambi ile ya wakimbizi wa Burundi. Kuni zimekwisha, bei zimepanda, mbuzi hawalali salama. Lakini daktari wa meno hakupatikana popote pengine walipojua, na milango ya zahanati ya kambi ilikuwa wazi kwa wote. Mama yake, Domisiana, akamfunga mgongoni mtoto mchanga, Idefonsi, wakateremka Kabanga na kupanda basi la asubuhi. Walipofika waliambiwa siku ya meno ni Alhamisi, na hiyo ilikuwa Jumanne. Wakarudi. Alhamisi wakaenda tena, wakakaa kwenye benchi tangu jua likiwa changa. Idefonsi, ambaye fizi zilikuwa zinamwasha, akatafuna kanga ya mama yake hadi ikalowa. Priscila hakuona shida. Alikuwa amesikia kwamba daktari yule anafunga waya, na waya unanyoosha meno ya vijana kabisa kabisa, kama alivyoona kwenye picha ya gazeti.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, wa maneno machache. Kando yake alisimama Niyibizi, muuguzi, yeye mwenyewe mkimbizi, akitafsiri. Daktari alichungulia, akagonga jino moja moja kwa chuma chembamba, akachungulia tena, kisha akazungumza kwa muda.

"Anasema ziko njia," Niyibizi alianza. "Ya kwanza ni waya. Unafungwa kwenye meno, unakaa kama miaka miwili, na kila mwezi daktari aukaze."

"Nifungwe," alisema Priscila.

"Ngoja nimalize, mdogo wangu. Yeye anaondoka kabla ya masika, na hajui kama atakuja mwingine. Waya usio na mtu wa kuukaza unaharibu. Unaweza kuyalegeza meno hadi yakatoka. Njia ya pili ni kisahani cha plastiki, unakivaa na kukivua mwenyewe. Hicho kinasukuma jino lililoinama kidogo. Yako hayakuinama kidogo."

"Ya tatu?"

"Kungoja mpaka taya limalize kukua, halafu uwekewe meno ya bandia kwenye mapengo. Hiyo ni Dar es Salaam."

"Na ya nne?"

"Kuyaacha. Na kuyapiga mswaki vizuri."

Hasira ilimpanda Priscila hadi masikioni. Basi mara mbili, benchi tangu asubuhi, aje kuambiwa apige mswaki! Angemwuliza yule mama wa Kizungu anadhani pale Mugoma watu hupiga mswaki nini, visigino? Lakini neno moja lilikuwa limemkwama.

"Mapengo gani?" aliuliza. "Meno yangu yamejaa kupita kiasi, ndiyo maana yanapandana."

Niyibizi akampa kioo kidogo. Daktari akaonyesha kwa kile chuma: hapa, na hapa, na chini hapa, na hapa. Mahali pa chonge, yale meno manne yaliyochongoka ambayo kila binadamu anayo. Yeye hakuwa na hata moja. Meno ya mbele yalikuwa yamekosa nguzo za pembeni, yakajiendea. Miaka yote alidhani amepewa mengi mno, kumbe amepunjwa.

Daktari akauliza jambo. Niyibizi hakulitafsiri. Alimtazama Domisiana, akamwambia kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, "Mama, huyu alitolewa ibyinyo?"

Kirundi na Kihangaza, lugha ya kwao, ni ndugu wa tumbo moja. Priscila alielewa kila neno, na alijua ibyinyo ni nini, maana kwa Kiswahili watu waliyaita meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, wazee walimpapasa fizi, wakakuta vivimbe vyeupe mahali pa chonge, wakasema hayo ndiyo meno mabaya yanayomuua. Yakachokolewa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Na pale Mugoma mwenye spoku alikuwa mmoja tu.

Domisiana alitazama sakafu. "Alikuwa anakufa," alisema.

"Hayakuwa meno mabaya," alisema Niyibizi. "Yalikuwa meno yake, hayajatoka tu. Yakichokolewa, na yale ya ukubwani yaliyo chini yake yanaharibika." Alimtazama Idefonsi, akachukua pakiti kadhaa za dawa ya kuharisha na kumtilia mama mkononi. "Huyu akiharisha, changanya hii na maji yaliyochemshwa, mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko, na umnyonyeshe. Akizidi, mleteni. Msimpeleke kwa mtu mwenye chuma."

 Ndani ya basi Priscila alikuwa na maneno, tena makali, ila alishindwa kuamua ampe nani. Kesho yake alfajiri Bibi alipomwita mlangoni na dole gumba tayari, Priscila alisema kichwa kinamwuma.

Jumapili Idefonsi akaanza kuharisha. Walichanganya pakiti, wakamnywesha, akatapika, wakamnywesha tena. Jumatatu asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani na Bibi Eustakia alikuwa uani ametandika mkeka. Spoku ilikuwa juu ya makaa.

"Mama Priscila, lete mtoto," alisema. "Nimempapasa. Yapo yote manne."

Domisiana alisimama katikati ya ua na mtoto kifuani. Alipiga hatua moja kuelekea mkekani. Priscila akajitia katikati.

"Bibi, humgusi."

Msichana kumwambia hivyo nyanya yake!  Bibi hakukasirika, na hilo ndilo lililomuudhi Priscila zaidi.

"Nimeambiwa kambini," Priscila alisema. "Ni wewe uliyenitoa chonge. Halafu kila siku unanisukuma meno! Unasukuma nini, Bibi? Kazi uliyoifanya mwenyewe?"

Bibi akaigeuza spoku makaani. "Dada yako Leonsia sikumtoa," alisema. "Baba yako alinikataza. Alisema tumpeleke zahanati, na siku hiyo dawa hazikuwepo. Tukamzika pale kwenye migomba, hajatimiza mwaka. Wewe ulipoanza kuharisha sikumwuliza mtu. Nyumba nzima ililia, nikawaambia wakushike vizuri. Sasa nitazame. Leonsia yuko wapi? Na wewe uko wapi?"

 Priscila alitaka kuchukia, na chuki ikakosa pa kukaa.

"Niliishi, Bibi," alisema mwishoni, "lakini si kwa spoku."

"Kwa kitu gani, basi?"

"Sijui."

Domisiana ndiye aliyemaliza maneno. Alimgeuzia mama mkwe wake mgongo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Akaketi kizingitini, akampa Idefonsi ziwa, na kwa mkono wa pili akashika kijiko na kikombe. Mtoto alinyonya, akapumzika, akameza kijiko, akanyonya tena. Safari hii hakutapika. Bibi aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akaitoa spoku kwenye makaa, akaiacha ipoe na kuifunga kwenye kipande cha kanga.

"Mtajua wenyewe," alisema. "Mjukuu wa Desderius naye anaharisha tangu juzi. Wao wameniita."

Akachukua fimbo yake, akashika njia kubwa.

Priscila alimtazama akienda, mgongo umepinda, mwanamke ambaye hajawahi kudai hata kikombe cha chumvi kwa kazi yake. Watu wote walimpenda. Nani angemsikiliza binti wa darasa la saba? Angesema daktari kasema, wangecheka: daktari gani, huyu wa wakimbizi? Angesema nailoni si kitu, wangemwonyesha watoto waliopona. Hakuwa na kitu cha kuwaonyesha, ila kimoja, na hicho angekubali kufa kuliko kukionyesha.

Alichukua pakiti mbili kati ya zilizobaki, akakata njia katikati ya mibuni.

Uani kwa Desderius walikuwa wengi: majirani, wavulana wawili wa shule waliokuja kushika miguu ya mtoto, na mama wa mtoto, kijana wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akilia kimya kimya. Maji yalikuwa motoni.

"Shikamooni," alisema Priscila, akihema. "Bibi yuko njiani. Kabla hajafika nataka mtazame kitu."

Alisimama juani, uso ameuinua. Akashika mdomo wa juu kwa vidole, akauvuta, akauvuta na wa chini, fizi zote zikawa nje.

"Hapa palikuwa na jino," alisema, maneno yakitoka nusu nusu. "Na hapa. Na hapa. Na hapa. Nilikuwa mdogo kama huyo."

Nyuma ya jiko mvulana mmoja akacheka. Priscila alimsikia vizuri sana. Yule mama kijana akainuka, mtoto begani, akasogea ili aone, na Priscila akaachama zaidi.